Ng'ombe, Mkakao na Mpaka wa Minyaa

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipendekeza kwamba Waafrika nao waanze kumiliki ardhi kwa milki ya kudumu, milki ambayo mtu huinunua, huiuza na kuiweka rehani apendavyo. Pendekezo lilivikwa joho la heshima, kana kwamba Mwafrika alikuwa anapandishwa daraja. Julius Nyerere, kiongozi wa TANU na mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alilipinga kwa maandishi, na hoja yake ilimtoa zaidi kama mtu aliyekulia Butiama kuliko kama mhitimu wa Edinburgh. Ardhi, alisema, hakuiumba mtu. Anayefyeka pori anastahili jasho lake, yaani kule kufyeka, kulima na kuvuna. Udongo wenyewe si jasho la mtu. Akiondoka na pori likarudi, hana tena cha kudai. Akatahadharisha kwamba tukiruhusu udongo uuzwe, wenye fedha, ambao wakati ule wengi wao walikuwa wageni, watainunua nchi, na wananchi watakuwa wapangaji kwao wenyewe.

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika milima iliyo juu ya mji mdogo wa Tinombo, Sulawesi ya Kati, walikuwako wakulima walioishi kwa kanuni hiyo hiyo ingawa hawakuwahi kumsikia Nyerere. Hao ni Walauje. Walilima mahindi na mpunga wa mlimani, na tumbaku na vitunguu vya kuteremsha pwani kuuza. Aliyeangusha msitu wa asili alipata haki juu ya kipande alichokifungua, na haki hiyo ikashuka kwa watoto wake wote, wa kike kwa wa kiume, kisha kwa wajukuu. Shamba lilipochoka liliachwa mpaka vichaka virudi, na ndugu aliyetaka kulilima tena aliomba tu, akapewa. Hakuna aliyetoza kodi. Ila mazao yalikuwa na mwenyewe, tena kwa ukali wa kushangaza: mume na mke kila mmoja alikuwa na kishamba chake, na mume hakuvuna cha mkewe pasipo ruhusa. Kilichokuwa chako ni kile ulichokitolea jasho.

Tania Murray Li, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Toronto, alianza kwenda kwa watu hao mwaka 1990 na akaendelea kurudi kwa karibu miongo miwili. Alipofika, wachache walikuwa ndio kwanza wanajaribu miche ya kakao. Mkakao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, kisha hudumu shambani miaka ishirini na zaidi. Aliyeupanda kwenye kichaka cha ukoo hakuvunja mila. Alitumia haki ile ile ya jasho. Lakini jasho lililomo ndani ya mti haliishi na mavuno. Kichaka ambacho binamu yake angekiomba mwaka wa nne kilikuwa sasa shamba la mtu, na binamu alilazimika kuwahi kupanda kwingine kabla hakujajaa. Ndugu wakaanza kugawana na mipaka ikachorwa. Vipande vikauzwa, kimoja kulipa deni la mfanyabiashara wa pwani, kingine kununua chakula wakati wa ukame. Sarafu ya Indonesia ilipoporomoka mwaka 1997 na 1998, bei ya kakao kwa rupia ilipaa, na mbio zikaongezeka. Kufikia mwisho wa utafiti wa Li walikuwako Walauje wenye mashamba makubwa ya kakao, na walikuwako wasio na mahali pa kupanda hata mhindi, wote wajukuu wa mtu yule yule aliyeangusha msitu.

Li anasisitiza jambo ambalo wanaharakati wa ardhi hawalipendi sana. Hapakuwa na mwekezaji. Hapakuwa na kampuni ya michikichi wala askari wa kusindikiza tingatinga. Mgeni tajiri ambaye Nyerere alimwogopa hakutokea. Kilichotokea ni jirani mwenye miche.

Ndiyo sababu nadhani kijiji cha Walauje kinafaa kusomwa Butiama, Bunda na Musoma kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa kutuhusu. Nadharia ya Nyerere ilijengwa juu ya ulezi na mtama. Ulezi huvunwa, bua likaachwa, na mvua ijayo ikamkuta mtu yuko huru kuhamia upande wa pili wa kilima. Katika nchi ya mazao ya msimu, kusema kwamba jasho ni la mtu na udongo ni wa wote si unafiki, ni maelezo sahihi ya mambo yalivyo. Ukibadilisha kinachopandwa, maneno yale yale yanageuka hati ya kumiliki. Sheria inaweza kukaa pale pale, na mila isikanushwe na mtu, huku milki inahama.

Sisi wa mkoa wa Mara, hata hivyo, hatukuwa Walauje. Tulikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho, nacho ni ng'ombe.

Kwa Wakurya, Wazanaki, Waikizu na Wangoreme, utajiri ulikuwa zizini. Mtu alihesabiwa kwa mifugo, si kwa ekari, na sheria zenye meno zilihusu mifugo. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilikuwa na ng'ombe wake. Ng'ombe walioingia kwa mahari ya binti walikuwa wa kumwozea kaka yake wa tumbo moja, na baba aliyewahamishia kwa mtoto wa mke mwingine alijua anawasha moto nyumbani. Mashauri ya wazee yalijaa hesabu za mitamba na madume, nani alikopa, nani hajamalizia. Shamba lilitajwa kwa kupita tu. Ardhi ilikuwa nyingi, na chifu au rika lililoshika nchi hawakuwa wagawaji wa viwanja; kazi yao ilikuwa kuitunza nchi ipate mvua na isipatwe na tauni. Hata utemi wa Ikizu, katika masimulizi ya wenyeji, unaanza na Nyakinyua, mwanamke aliyekuja na siri ya mvua na kukutana na mwindaji Isamongo aliyekuwa na moto. Mzozo wao haukuwa juu ya mpaka. Aliyeweza kuleta mvua ndiye aliyekuwa na neno juu ya nchi.

Uzito huo wa ng'ombe ndio unaoeleza nyumba ntobhu, desturi ambayo magazeti ya nje huitembelea kila baada ya miaka michache na kuirudia kama kioja. Mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto atakaozaa msichana huyo wanakuwa warithi wa nyumba ya mama. Kwa macho ya mali ni ufundi mkubwa: mwanamke anatumia zizi lake kuziba pengo ambalo lingewafanya shemeji zake wajigawie alichochuma. Wapo wanaoisifu kwamba inamlinda mwanamke. Mimi nasita. Anayelindwa ni mwanamke mwenye ng'ombe, na kinga yake hununuliwa kwa binti wa nyumba isiyonao, mara nyingi mdogo, ambaye hakuna anayemuuliza sana.

Mali yenye miguu ina tabia zake. Huzaa, na hivyo mtu maskini aliyepewa mtamba wa kuchunga anaweza kuinuka. Shamba halizai shamba. Lakini pia hufa na huibwa. Sotoka ya miaka ya 1890 ilimaliza mazizi ya Afrika Mashariki karibu yote, na upande wa Mara njaa ikafuata, watu wakatawanyika na pori likarudi na ndorobo wake. Wizi wa mifugo umeendelea kuwa jeraha la mkoa mpaka enzi za sungusungu. Kwa hiyo mtu wa Mara aliyepata fedha, iwe za pamba ya Bunda, za dagaa wa Musoma au za mshahara, alikuwa na sababu nzuri ya kutafuta akiba isiyoweza kuswagwa usiku. Akaijenga nyumba ya bati. Kisha akaizungushia minyaa.

Pamba yenyewe haikuifunga ardhi kama kakao. Ni zao la msimu. Hung'olewa na kuchomwa, na shamba hubaki wazi. Vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation, chini ya Paul Bomani, vilimfanya mkulima wa kanda ya ziwa agombane na bei, mizani na mbegu. Hakugombana na jirani juu ya mpaka. Ninapofikiria bahati hiyo huwa najiuliza Bunda ingekuwaje kama Wajerumani au Waingereza wangeipa zao la miti. Jibu la sehemu liko Bukoba, ambako kahawa na migomba viliifanya ardhi ya ukoo kuwa kitu cha kupelekana mahakamani miaka mingi kabla ya sisi.

Halafu ikaja amri. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na mwaka 1974 operesheni ikapita Mara. Watu waliondolewa kwenye miji ya kifamilia iliyotawanyika vilimani, wakapangwa kwa safu kando ya barabara, na nyuma yao yakabaki mahame yenye makaburi, mawe ya kusagia na minyaa inayoota yenyewe. Indonesia nayo iliupenda mstari ulionyooka. Waholanzi walianza kuwahamisha Wajava kwenda Lampung mwaka 1905, jamhuri ikaendeleza kwa jina la transmigrasi, na serikali ya Suharto ikaipanua mno. Mwaka 1979 ikapitisha sheria ya kuzifanya jumuiya zote za vijijini, visiwa vyote, zifuate muundo mmoja wa desa, miaka minne tu baada ya Tanzania kupitisha sheria yake ya vijiji ya 1975. Sukarno alikuwa amekwisha kuuinua msaragambo wa Kijava, gotong royong, akaufanya kiini cha dola katika hotuba yake ya Juni 1945; Nyerere alifanya hivyo kwa ujamaa. Wote wawili walikichukua kijiji kama kilivyokuwa, wakakifanya fundisho, kisha serikali zikawarudishia wanakijiji fundisho hilo likiwa na mwenyekiti na mhuri.

Tofauti iko kwenye madai yaliyobaki. Aliyehamia Lampung alipewa ekari zake zenye kipimo. Aliyehamishwa kutoka kilimani Mara alipewa kiwanja kwenye ardhi iliyokuwa ya mwenzake, huku ya kwake ikilimwa na mwingine au ikirudi pori. Miaka ya themanini wengi walirudi kimyakimya kwenye mahame yao. Hapo Tanzania nzima ikajikuta na watu wawili wenye haki juu ya shamba moja: mmoja kwa babu, mwingine kwa operesheni. Tume ya Profesa Issa Shivji, iliyoundwa mwaka 1991, ilisikiliza migogoro ya namna hiyo karibu nchi nzima. Serikali ilijaribu njia ya mkato mwaka 1992 kwa sheria ya kuzifuta haki za kimila zilizovurugwa na operesheni. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililotoka Arusha, ikasema haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba na haifutwi bila fidia. Kwa mtu wa Butiama uamuzi huo ulikuwa na mzaha wake mchungu. Dai la babu lilikuwa limeshinda dhidi ya operesheni ya Mwalimu, na kumbe aliyeanza kusema kwamba jasho la mtu lisipotee alikuwa Mwalimu yule yule.

Kwenye vitabu vya sheria nchi hizi mbili zinafanana kiasi cha kuchosha. Waholanzi walitangaza mwaka 1870 kwamba ardhi isiyothibitika kuwa ya mtu ni ya dola. Wajerumani wakatamka hivyo hivyo Afrika Mashariki mwaka 1895, na Waingereza wakalikamilisha tamko hilo kwa sheria ya 1923. Baada ya uhuru hakuna aliyelitupa vazi hilo. Indonesia ililivaa upya kwa sheria ya msingi ya ardhi ya 1960, Tanzania kwa kumfanya Rais mdhamini wa ardhi yote. Huko walikuwako mabingwa wa Leiden kama Cornelis van Vollenhoven walioikusanya mila ikawa sheria. Huku alikuwako Hans Cory, mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika, ambaye kazi yake ilitangulia tamko la sheria za mila la 1963. Tuyaache hapo.

Jambo ambalo vitabu hivyo havilioneshi ni mjomba.

Wakwaya, wanaoishi kuzunguka mji wa Musoma, walirithishana kwa upande wa mama. Hugo Huber aliyechunguza ndoa na familia za Bukwaya, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1973, alikuta mfumo ambamo mali ya mwanamume ilielekea kwa watoto wa dada yake. Watoto wake mwenyewe walikuwa na mjomba wao wa kumtazamia. Jambo hilo linawashangaza hata vijana wa Musoma wa leo, ambao wamekua wakiambiwa kwamba mkoa mzima ni wa kina baba, panga na ng'ombe.

Ukiwataja Wakwaya, mtu aliyesoma habari za Indonesia atakutajia mara moja Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, wanaosemwa kuwa jamii kubwa kuliko zote duniani inayofuata ukoo wa mama. Kwao mashamba ya mpunga na nyumba kubwa ya ukoo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na kaka wa mama husimamia. Mali hiyo ya ukoo haiuzwi. Kuwekwa rehani kunaruhusiwa kwa sababu nne tu zinazojulikana na kila mtu: kuzika maiti, kumwoza binti aliyechelewa kuolewa, kukarabati nyumba ya ukoo inayovuja, au kumsimika kiongozi wa ukoo. Wanaume hutoka, huenda kutafuta maisha Medan na Jakarta, na wakirudi ni wageni wa heshima. Uislamu uliingia, vita vya Padri vikapiganwa mpaka 1837, kakao, mpira na mishahara vikaja, na bado mfumo umesimama. Mwaka 1952 wazee wa mila na masheikh walikutana Bukittinggi wakakubaliana kuzigawa mali mbili: ya ukoo ifuate mila, aliyochuma mtu kwa mkono wake ifuate mirathi ya Kiislamu.

Kwa nini huko ukoo wa mama umesimama na Bukwaya umefifia? Jibu la haraka ni kanisa, shule na mahakama, na ni kweli vyote vilisukuma. Tamko la 1963 lenyewe liliandikwa kwa ajili ya makabila ya ukoo wa baba, na lililoachwa nje ya maandishi huonekana polepole kama si sheria. Lakini Sumatra nayo ilikuwa na misikiti, shule na mahakama. Nadhani sababu kubwa iko kwenye aina ya mali. Kwa Waminangkabau mali ni shamba la maji lisilohama, na wanawake wanakaa juu yake. Anayehama ni mwanamume. Kwa Wakwaya mwanamke aliolewa akaenda kwa mume, na watoto wakakua kwa baba. Mfumo uliwezekana kwa sababu urithi uliweza kusafiri: ng'ombe na mbuzi huswagwa kutoka zizi la marehemu hadi kwa mpwa aliye kijiji cha tatu, na watoto wa marehemu hubaki na pori la kutosha kufyeka. Ardhi ilipokuwa ndiyo mali, hesabu ikakataa. Mpwa hawezi kulibeba shamba. Ikimlazimu kuja kulikalia, atawakuta vijana wa marehemu wameshika majembe humo tangu utoto, na hakuna baraza la wazee litakalowaondoa. Bukwaya haikuwa na mkutano wa Bukittinggi. Jambo limeamuliwa msiba kwa msiba, na kila mara mtoto aliyekuwa shambani amemshinda mpwa aliyekuwa mbali.

Katika mabadiliko hayo dada wa marehemu amepoteza zaidi ya mpwa. Zamani thamani yake kwa ukoo ilikuwa kwamba urithi unapita tumboni mwake. Sasa yuko sawa na mwanamke wa Kizanaki au wa Kikurya: shamba la baba ni la kaka, shamba la mume ni la watoto wa kiume. Tamko la 1963 lilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza, mpaka Jaji James Mwalusanya, katika Mahakama Kuu ya Mwanza mwaka 1990, alipotamka katika shauri la Bukoba kwamba ubaguzi huo haukubaliani na Katiba. Sheria za ardhi za 1999 zikaandika usawa waziwazi, na baraza la ardhi la kijiji likatakiwa kuwa na wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Ni maandishi mazuri. Mwanamke wa Kiminangkabau hakuyahitaji maandishi ya namna hiyo; alikuwa na nyumba.

Wapo watakaosema msongamano wenyewe unatosha kueleza yote: watu wakiwa wengi, ardhi inakuwa mali. Clifford Geertz aliiona Java mwaka 1963 kama nchi ambayo mashamba ya mpunga wa maji yalimeza mikono zaidi na zaidi, kila mtu akipata sehemu ndogo kuliko ya baba yake. Sisi nasi tuna Java yetu, kisiwa cha Ukara, magharibi ya Majita, cha watu ambao lugha yao ni jamaa ya Kijita na Kikwaya. Wakara walilaza ng'ombe ndani, wakalisha kwa majani ya kukata, wakabeba samadi hadi shambani, wakapanda marejea kurutubisha udongo, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Hata mti uliweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Yote hayo bila mkoloni kuwafundisha. Lakini Mkara aliyehamia bara, penye pori la kutosha, aliacha samadi na kulima kama majirani zake. Hivyo msongamano una nguvu kweli. Hauelezi tu kwa nini milimani juu ya Tinombo, ambako hakukuwa na msongamano wa namna ya Ukara, ardhi ilifungwa ndani ya miaka ishirini. Huko ulikuwa mti, na hofu ya kuchelewa.

Hofu hiyo sasa iko kwetu. Nyamongo, wilayani Tarime, watu waliposikia mgodi utapanuka walijenga vibanda na kupanda miche usiku na mchana ili mthamini akifika avikute. Wenyewe wakaiita tegesha. Serikali na kampuni huiona kama ulaghai, na wapo walaghai. Lakini mwanakijiji amesoma kanuni akaielewa vizuri kuliko walioitunga: jasho linaloonekana ndilo linalolipwa, na malisho ambayo ng'ombe wa ukoo wameyalisha miaka mia hayaoneshi jasho la mtu. Upande wa Bunda, kata ya Nyatwali kwenye Ghuba ya Speke imekumbwa na uamuzi wa kuwahamisha wakazi wake ili Hifadhi ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, ifike ziwani. Huko nako ubishi uliingia haraka kwenye bei ya ekari. Tembo walikuwa wakila mihogo yao miaka yote bila kuulizwa.

Kusiko na mgodi wala hifadhi, kazi inafanyika taratibu zaidi. Shamba linauzwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mashahidi wanatia saini, kijiji kinakatiwa chake, mhuri unapigwa. Kando ya ziwa, kuelekea Mugango na Murangi, palipo na maji ya kuvuta kwa pampu panatafutwa na watu wa mjini. Mwenye nafasi anapanda mikaratusi, ambayo haihitaji palizi na inamshikia eneo akiwa Mwanza au Dar es Salaam. Hakuna anayehesabu hili kama kuporwa ardhi, kwa sababu muuzaji alikubali, mara nyingi akiwa na mgonjwa hospitalini au mtoto wa kupeleka shule. Walauje nao waliuza hivyo, kipande kwa kipande, na kila mauzo yalikuwa na sababu ya maana.

Kijana asiye na chake hukodi kwa msimu. Masharti yake ni ya kale na hayajaandikwa: unaweza kupanda muhogo, viazi, mahindi, mti wa kudumu hapana. Mwenye shamba anajua anachokizuia. Ni kanuni ya Butiama ya 1958 inayofanya kazi bado, ila sasa inamlinda mwenye ardhi dhidi ya mwenye jasho.

Li alipowaandika Walauje walioachwa bila shamba, alichokiona kizito zaidi ni kwamba hawakuwa na pa kwenda. Pwani ilikuwa imejaa na hapakuwa na viwanda vya kuwangoja. Kijana wa Majita amewazidi hapo. Anaweza kushuka ziwani kuvua dagaa kwenye mtumbwi wa mwingine, au kupanda gari hadi machimbo ya Buhemba akakae shimoni kwa mgawo wa mawe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inamruhusu pia kuomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji chake, kama mwanakijiji, kutoka kwenye ile isiyokaliwa na mtu. Akienda kuomba, mtendaji atamfungulia daftari na kumwonesha ramani ya matumizi ya ardhi, kama kijiji kinayo, na watatafuta pamoja hilo eneo lisilo na mtu.